Jora la gozi la mita 91 kutoka maduka ya dawa ya Tabora: linafaa kwa kikundi cha huduma ya kwanza cha chuo?

Jora la gozi, kitambaa chepesi cha pamba cha kufungia vidonda, lenye upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 91 linapatikana Tabora mjini kwenye maduka makubwa ya dawa. Ndilo linalowafaa wenye bajeti ndogo, na vikundi vya huduma ya kwanza vya vyuo huangukia humo karibu vyote. Tunalipendekeza kwa sharti moja: kikundi kiwe tayari kulikata na kulikunja kwa taratibu. Gozi nzuri iliyokunjwa ovyo huacha nyuzi ndani ya kidonda, na uzi mmoja uliobaki humo unaweza kukizuia kupona. Chuo kisicho na watu wa kukaa mezani jioni mbili tatu kwa muhula kinunue vipande vilivyokunjwa na kutakaswa (kuuliwa vijidudu vyote) kiwandani, kisipoteze muda na jora.

Kipimo tunachotumia hapa tumekichukua kwa watu walioifanya kazi hii kwa wingi sana, zikiwemo jumuiya za vyuo vya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wanaojitolea wa Msalaba Mwekundu wa Marekani walikunja vitambaa vya kufungia majeraha zaidi ya bilioni 2.5 katika vita hiyo, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika vyuoni, kwenye vyumba vilivyotengwa, mikononi mwa wanafunzi, wafanyakazi na wake za walimu. Jeshi lilileta gozi pamoja na vipimo vyake: inchi 2 kwa 2, 4 kwa 4, na 4 kwa 8. Chumba kilikuwa na msimamizi aliyefundishwa. Nywele zilifunikwa, aproni safi ilivaliwa, mikono ilioshwa, pete zilivuliwa, na kucha hazikutakiwa kuwa na rangi. Kila rundo lilikaguliwa kabla ya kufungwa. Na jambo ambalo wengi hawalijui: vipande hivyo vilitoka chumbani vikiwa safi tu, havijatakaswa. Kutakasa kulifanyika hospitalini, kwenye mashine ya mvuke, kabla ya kutumika.

Vyuo vilifanya mengi mengine. Mpango wa V-12 wa kufundisha maofisa wa jeshi la majini, ulioanza tarehe 1 Julai 1943, uliingiza vijana zaidi ya 125,000 katika vyuo 131. Chuo cha Smith kule Massachusetts kiligeuzwa mahali pa kufundishia maofisa wanawake wa jeshi la majini kuanzia Agosti 1942. Mihula ilifupishwa, hati za mkopo wa vita zikauzwa, vyuma chakavu vikakusanywa. Hayo ndiyo yanayoandikwa zaidi, na chumba cha gozi hupata mstari mmoja. Tunaona si haki. Mpango wa V-12 ulihitaji hazina ya serikali, lakini chumba cha gozi kilihitaji meza, rula, mikasi na watu wenye subira. Hicho ndicho chuo cha Tabora kinaweza kukianzisha wiki hii.

Turudi kwenye jora lenyewe, na tuanzie dukani.

Soma karatasi ya nje kwanza. Iwe na jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na idadi ya nyuzi. Jora lisiloandikwa idadi ya nyuzi liache. Idadi inayofaa kwa kazi hii ni 17, maana yake nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) zikijumlishwa ndani ya sentimita moja ya mraba zifike 17. Ile ya 13 ni nyembamba mno kwa kipande kinachogusa jeraha. Inafaa kufungia juu tu. Ili kuhakiki, weka rula juu ya gozi iliyonyooshwa bila kuvutwa, hesabu nyuzi za wima kwenye sentimita moja, kisha za mlalo, jumlisha. Rudia mahali pengine mbali na ukingo, kwa sababu ukingoni kiwanda hubana nyuzi na hesabu hupanda.

Kisha lipime uzito. Gozi ya nyuzi 17 haipaswi kupungua gramu 23 kwa mita moja ya mraba. Jora kamili lina karibu mita za mraba 82, kwa hiyo bila karatasi na bomba la katikati liwe na takriban kilo 1.9. Jora la kilo 1.2 lililoandikwa nyuzi 17 lina kasoro moja kati ya mbili: nyuzi ni chache, au urefu umepunguzwa. Mizani ya duka la nafaka jirani inatosha, na muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kipimo cha tatu ni maji. Kata kipande kidogo, kikunje mara kadhaa, kiweke taratibu juu ya maji kwenye beseni bila kukisukuma. Gozi ya hospitali inatakiwa kuzama ndani ya sekunde 10. Ikielea, pamba haikuondolewa mafuta yake ya asili vizuri, na kitambaa cha namna hiyo hakinyonyi damu, kinaitelezesha. Hapa ndipo majora ya bei ya chini huanguka, na kwa macho huwezi kuyatambua, kwani yanaweza kuwa meupe kuliko yale mazuri.

Weupe wenyewe ni mtego. Wanunuzi wengi wa vyuo huchagua jora linalong'aa, wakati mng'ao mara nyingi ni dawa ya kung'arisha kitambaa. Peleka kipande kwa wakala wa fedha za simu mwenye taa ya kukagulia noti. Kikiwaka buluu kali chote, kina dawa hiyo, usikiweke kwenye jeraha. Gozi safi huonekana na rangi hafifu ya kahawia-zambarau. Ukiwa na iodini, dondosha tone moja kwenye kona ya kipande kilicholowa: ikigeuka buluu iliyokoza, kuna wanga, na gozi hiyo ilikusudiwa mapazia au kuchujia. Mwisho choma uzi mmoja. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Uzi unaoyeyuka na kuacha kidonge kigumu una plastiki ndani.

Jora lililopita vipimo hivyo vyote ni bidhaa nzuri, na maoni yetu yanayofuata ni juu ya jora la namna hiyo. Majora mengi yaliyopo sokoni yametoka China na India. Kwa mkoa unaolima pamba Igunga na Nzega hilo linauma, lakini halibadilishi ubora wa kitambaa.

Sasa kukata. Kipande cha kawaida kinachohitajika ni cha karibu sentimita 10 kwa 10 chenye matabaka 8. Watu wengi hukata sentimita 20 kwa 40, na kwa kufanya hivyo hutupa utepe wa sentimita 10 urefu wote wa jora. Kata sentimita 45 kwa 20, ile 45 ikifuata upana. Upana wa 90 unagawanyika mara mbili bila masalia, urefu wa mita 91 unatoa safu 455, na jumla ni vipande 910. Kikikunjwa, kipande kinakuwa na sentimita 10 kwa 11 na robo. Tofauti hiyo ndogo haina madhara yoyote kwenye jeraha. Kabla ya kukata, pima upana halisi, maana baadhi ya majora yana sentimita 88. Hapo tumia 44.

Usikate kwa kukisia. Vuta uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo hadi ukingo. Utaacha mstari mwembamba ulionyooka, ukate juu yake. Fanya hivyo kwa safu ya kwanza, halafu tandaza jora mezani kwa kukunja huku na huku kwa kipimo cha sentimita 20, weka ubao au kadi ngumu juu, na ukate kwa mkasi wa fundi cherehani. Usizidishe matabaka 8 kwa mkato mmoja. Yakizidi, yale ya chini huteleza na vipande hutoka vimepinda. Kipande kilichokatwa kwa mshazari hakikunjiki kikawa mraba hata ukikilazimisha. Pembe zake huteleza na kingo zilizokatwa huchungulia nje. Tatizo hilo ndilo linaloharibu vipande vingi kuliko jingine lolote, na chanzo chake hakiko kwenye mikono ya mkunjaji. Kiko kwenye mkasi.

Mkunjo ni huu. Tandaza kipande, upande mrefu ukiwa mbele yako. Leta ukingo wa juu hadi mstari wa katikati, kisha ukingo wa chini nao hadi hapo hapo, vikutane bila kupandana. Sasa una mstatili wa 45 kwa 10, matabaka mawili. Leta ncha ya kulia katikati, na ya kushoto katikati, vikutane tena. Sasa una matabaka manne. Kunja upande mmoja juu ya mwingine. Matabaka ni 8, na kingo zote zilizokatwa zimefichwa ndani. Zungusha kipande mkononi: upande wowote unaougusa uwe ni mkunjo, usiwe mkato. Ukiona uzi unaning'inia, usiuvute, kwa kuwa utaufumua mwingine. Fungua kipande, kata uzi huo kwa mkasi mdogo, ukunje upya.

Sababu ya kusisitiza hivyo ni nyepesi kueleza. Gozi imefumwa kwa kulegea ili inyonye, na kitambaa kilicholegea hutoa nyuzi kila kilipokatwa. Uzi ukiingia kwenye kidonda, mwili huuona kama kitu kigeni. Damu na usaha hugandia juu yake, na siku ya kubadilisha kitambaa mgonjwa huchubuliwa upya. Wakaguzi wa vyumba vya vita walitafuta hasa kitu hicho. Kipande chenye uzi nje kilirudi mezani.

Makosa mengine ya mezani. Kuvuta gozi wakati wa kukunja: inanyooka, inakaa kipimo, halafu ikiachwa inarudi na kipande kinakuwa kidogo na kigumu. Kukandamiza mikunjo kwa ukucha hadi iwe na makali. Kipande kilichobanwa hivyo hunyonya polepole. Tumia kadi ya upana wa sentimita 10 kama kiongozi, ipitishe na uitoe. Vumbi nalo ni adui mkubwa wa Tabora kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa kiangazi unapopiga. Funga madirisha ya upande wa upepo, futa meza kwa kitambaa chenye unyevu, usifagie sakafu ndani ya saa moja kabla ya kazi, na usikung'ute vipande nje kwenye uwanja. Watu wanne wanafanya kazi vizuri kwenye meza moja: mmoja akate, wawili wakunje, wa nne akague na kuhesabu. Mkaguzi asiwe mkunjaji wa siku hiyo.

Funga vipande vitano vitano. Usitumie mpira wa kubana. Mvuke haupenyi rundo lililobanwa. Zungushia tabaka mbili za kitambaa cha pamba kilichofuliwa au karatasi ya kufungia vifaa vya hospitali, bandika utepe wa kiashirio wa mashine ya mvuke, andika idadi, tarehe na jina la mkaguzi. Vipande vilivyofungwa hivyo hutakaswa kwa nyuzi joto 121 kwa dakika 30, muda ukihesabiwa baada ya mashine kufika joto hilo, kisha viachwe vikauke humo humo kabla ya kutolewa. Pakiti ikitoka na unyevu haijatakasika, hata utepe ukiwa umegeuka mistari myeusi. Utepe unathibitisha kwamba pakiti ilipita kwenye joto tu. Chuo kisicho na mashine kiombe kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, na kipeleke pakiti zilizofungwa vizuri siku ambayo mzigo wa wodi ni mdogo. Kuchemsha gozi sufuriani au kuipiga pasi hakutakasi kwa kiwango cha jeraha wazi. Kunafaa tu kwa kitambaa cha kufungia juu.

Jambo moja la usalama: vipande hivi visiingie chumba cha upasuaji. Gozi ya upasuaji huwekewa uzi maalumu unaoonekana kwenye picha ya eksirei, ili kipande kikisahaulika ndani ya mwili kipatikane. Jora la dukani halina uzi huo. Na asali ya Tabora, pamoja na sifa zake zote, isipakwe kwenye vipande vilivyotakaswa. Asali ya mezani inaweza kubeba vijidudu vinavyostahimili hali ngumu. Ile ya hospitali hutakaswa kwa mionzi kwanza.

Kwa damu nyingi, kipande cha matabaka 8 hakitoshi, na hapa tunarudi nyuma hadi Vita Kuu ya Kwanza. Pamba ilipungua kwa sababu ilitakiwa pia kutengenezea baruti. Mwaka 1914 daktari wa upasuaji Charles Cathcart na mtaalamu wa mimea Isaac Bayley Balfour, wote wa Edinburgh, waliwahimiza Waingereza kutumia kuvumwani ya kinamasi iitwayo sfagnamu. Kuvumwani hiyo ikikauka hunyonya hadi mara 20 ya uzito wake, kuliko pamba kwa mbali. Vyuo vikuu vikaingia kazini: Chuo Kikuu cha Washington chini ya mtaalamu wa mimea John Hotson, na McGill cha Kanada chini ya John Bonsall Porter. Wanafunzi waliichambua kuvumwani kwa mkono, wakatoa vijiti na majani mengine, wakaijaza kwenye vifuko vya kitambaa. Hapa Tanganyika nako, majini Waingereza walipofunga njia ya meli, Wajerumani walilazimika kutengeneza vitu papo hapo: vifaa vya kufungia majeraha vilitengenezwa kwa magome ya miti, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa mahali pa kupigia sarafu, ikiwemo ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo.

Muundo wa kifuko cha kuvumwani unafaa leo kwa pamba ya dukani. Kata gozi sentimita 45 kwa 40, weka katikati tabaka la pamba la kunyonya lenye unene wa sentimita 2 na ukubwa wa 20 kwa 15, kisha funika pande zote ili pamba isigusane na jeraha popote. Pamba iliyo wazi juu ya kidonda hugandia na kuacha nyuzi nyingi kuliko gozi mbaya. Tengeneza pedi nene kumi kwa kila jora. Zinachukua mita mbili tu: vipande viwili kwa upana, safu tano.

Bandeji za kuviringisha kutoka jora hili hatuzipendekezi sana. Upana wa 90 unatoa vipande 12 vya sentimita 7.5 bila masalia, lakini pande zote mbili hufumuka kila bandeji inapovutwa. Ukilazimika, ondoa kwanza ukingo wa kiwandani wa pande zote. Ukingo hauvutiki, na kiungo kikivimba hukatisha mzunguko wa damu. Nunua bandeji za nyavu zilizofumwa kwa ajili hiyo.

Kwa bandeji za pembetatu usitumie gozi hata kidogo, tumia marikani. Kitambaa hicho kilifika Unyanyembe na Ujiji kwa misafara karne ya 19 kutoka viwanda vya Marekani, na bado hakina mpinzani kwa kubeba mkono uliovunjika. Mraba wa mita moja ukatwe kwa mshazari, utoe pembetatu mbili, upinde kingo kwa cherehani. Ifue mara moja kabla ya kutumia ili ilainike na isinywee baadaye.

Kuhusu bei, usilinganishe jora na jora. Gawanya bei ya jora kwa 910, ongeza gharama ya vitambaa vya kufungia na utepe, kisha ulinganishe na bei ya kipande kimoja kilichotakaswa kiwandani. Kwenye hesabu hiyo jora hushinda kwa chuo chenye michezo mingi, karakana au mazoezi ya mgambo, ambako vipande mia kadhaa huisha kwa mwaka. Kwa chuo kidogo kinachotumia vipande hamsini, jora litakaa kabatini na kushika vumbi baada ya kufunguliwa. Hapo vyuo viwili au vitatu vichange na kugawana, jora likae sehemu moja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, juu ya rafu, mbali na ukuta unaovuja wakati wa masika.